Ajali Haina Kinga? Hadhari ya Mwendesha Baiskeli katika Njia Panda ya Usagara

Msafiri atokaye Mwanza mjini kwa Barabara ya Kenyatta, akaipita Mkuyuni, na Butimba, na Nyegezi, na Buhongwa, huyaacha nyuma majabali ya jiji akaikuta Usagara, mji mdogo wa wilaya ya Misungwi ambao riziki yake kubwa imetokana na jambo moja, nalo ni kwamba njia hukutana hapo: moja ya kwenda Shinyanga na huko mbele hata pwani, moja ya kuelekea Kigongo, na ng'ambo ya ghuba hata Sengerema, Geita na Bukoba, na nyingine ya mchepuo, izungukayo nyuma ya jiji hata Kisesa kuifuata barabara ya Musoma. Penye makutano ya njia hapakosi soko, na penye soko la Usukumani hapakosi baiskeli: ya muuza maziwa, ya muuza mkaa, ya mwenye matenga ya nyanya, ya mwanafunzi aliyempakia mdogo wake, na ya mzee aendaye matangani kwa mwendo wa taratibu, kanzu imekunjwa magotini isije ikanaswa na mnyororo.

Tangu tarehe 19 Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la John Pombe Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, hali ya makutano haya imegeuka kwa namna ambayo macho ya wengi hayajaizoea. Zamani pantoni ilikuwa ikiyashika magari ufukweni kwa saa nzima au zaidi, kisha ikayafungulia kwa kundi. Basi kwa upande wa barabara ya Kigongo malori yaliwasili kwa vipindi, yakapita kwa kishindo, na nyuma yao kukafuata utulivu ambao mwenye baiskeli aliutumia kuvuka na mzigo wake. Pantoni haikuwekwa ili imlinde mpanda baiskeli, walakini ilimlinda pasipo kukusudia. Leo gari huvuka ghuba kwa dakika chache, na mkondo wa magari haukatiki kama ulivyokuwa ukikatika.

Silisemi hili kwa kulilaumu daraja. Neema yake ni dhahiri kwa kila aliyewahi kukesha Busisi na mgonjwa akitazama taa za Kigongo ng'ambo asiweze kuzifikia. Muradi wangu ni kuonyesha kwamba barabara ikigeuka, hadhari ya waitumiao nayo sharti igeuke. Na kwamba mtu anaweza kuwa mwangalifu kwa desturi ya jana akaangamia kwa hali ya leo, ilhali si mzembe wala si mjinga.

Baiskeli si mgeni katika nchi hii. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na pamba ya Wasukuma ikapata njia nyepesi ya kwenda bandarini. Katika miaka ya 1950, wakulima wakiongozwa na Paul Bomani walipounganisha vyama vyao vya ushirika hata ukaundwa mwaka 1955 muungano mkubwa wa vyama vya Victoria, fedha ya pamba iliingia mikononi mwa watu wa vijijini, na baiskeli ikawa katika vitu vilivyotamaniwa mno na mwenye kuvuna vizuri. Zilikuja Raleigh za Uingereza, zikafuata Hero za India na Phoenix za China, na kila moja ilifanywa punda na farasi kwa pamoja. Huko Shinyanga baiskeli ilibeba hata abiria kwa nauli, ikaitwa daladala kama gari.

Lakini wale waliotufundisha kupanda baiskeli walijifunza katika njia za vumbi, ambamo gari lilisikika likiwa mbali na wingu lake likaonekana kabla halijafika, na mpandaji akapata wasaa wa kushuka, kusogea kando na hata kumwamkia dereva. Uendeshaji wao tumeurithi, barabara yao hatukuirithi. Lami haina vumbi la kutangulia kutoa habari. Gari jipya halina ngurumo ya gari kuukuu. Na lori litokalo nyuma kwa kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kwa kila nukta moja ya saa, maana yake ni kwamba kati ya kulisikia na kufikiwa nalo huenda usipatikane muda wa kugeuza shingo.

Panapotokea msiba wa barabarani, hapakosi mtu msibani atakayesema kwamba ajali haina kinga, na wote wakaitikia kwa kichwa. Neno hilo lina rehema yake, kwa kuwa humpoza mfiwa na kumzuia asitafute wa kumchukia. Wala mimi simnyang'anyi mfiwa faraja yake. Taabu ni kwamba tumelitoa matangani tukalipeleka barabarani, na huko limekuwa pazia la kufichia taksiri. Aliyegongwa usiku katika baiskeli isiyo na taa wala kiakisi, ajali haina kinga. Aliyekanyagwa na tela lililokuwa likikata kona, ajali haina kinga. Aliyetumbukia katika mfereji usio na kifuniko, ajali haina kinga. Tukiyachungua matukio hayo moja moja, twaona kwamba karibu kila moja lilikuwa na kinga yake, na kinga hiyo ilijulikana siku nyingi kabla ya msiba. Wahenga walituachia na neno la pili, kwamba tahadhari ni kabla ya hatari. Nasi tumechagua kulikariri la kwanza kwa sababu halitudai kazi.

Wala mkutano wa gari na baiskeli si jambo la leo. Tarehe 30 Mei 1896, huko New York, gari la aina ya Duryea lilimgonga mwanamke mmoja aliyekuwa juu ya baiskeli, jina lake Evylyn Thomas, akavunjika mguu. Na tukio hilo huhesabiwa kuwa mgongano wa kwanza wa gari kuandikwa katika nchi ya Marekani. Maadamu mkutano huu una umri zaidi ya miaka 100, namna zake zimekwisha kujulikana, nazo hujirudia. Jambo lijirudialo kwa sura ile ile lafundishika.

Basi hadhari ni nini? Wengi hudhani kuwa ni woga: kukaza mikono juu ya usukani, kutetema kila honi inapolia, na kujibanza kando hata gurudumu likatembea juu ya ncha ya lami. Hasha. Mwenye hofu hutazama kitu kimoja tu, kile kinachomtisha, na vingine vyote vikampita. Hadhari ni elimu ya kuzitambua nia za wenzako barabarani kabla hazijawa vitendo. Mvuvi wa Mwaloni pale Kirumba hangoji wimbi limfikie ndipo ajue kuwa ziwa limechafuka. Hutazama rangi ya maji, na wingu lililosimama upande wa visiwani, na namna ndege wanavyorudi nchi kavu, akaamua mapema kutweka au kushusha. Barabara nayo ina ishara zake kwa ajuaye kuzitazama.

Ishara ya kwanza ni ya daladala. Hiace iliyo mbele yako hukuambia kwamba itasimama kabla taa yake ya nyuma haijawaka, kwa kuwa konda amekwisha kuutoa mkono dirishani au amegonga bati, na kando ya njia yuko mtu aliyenyosha kidole. Mlango wake uko kushoto, upande ule ule upitao wewe, na abiria ashukaye kwa haraka hatazami nyuma. Mwenye hadhari haingii katika upenyo ulio kati ya daladala na ukingo wa njia, ingawa upenyo wenyewe waonekana mpana na wa kushawishi. Huchelewa kidogo nyuma yake, au huipita kwa kulia baada ya kugeuka na kuhakikisha kwamba nyuma hakuna ajaye. Nyegezi, penye kituo cha mabasi, na Buhongwa, penye msongamano wa asubuhi, jambo hili peke yake latosha kumpa mtu mtihani wa kila siku.

Ya pili ni ya gari lililoegeshwa. Ukiona kichwa cha mtu kilichokaa upande wa usukani, jua kwamba mlango waweza kufunguka muda wowote. Kwa hiyo acha kati yako na gari nafasi ya mlango mzima. Waholanzi wana adabu moja njema katika jambo hili: dereva huufungua mlango kwa mkono ulio mbali nao, ili kiwiliwili kilazimike kugeuka na macho yaone ajaye nyuma. Kwetu, tuendeshao kwa kushoto, mkono huo ni wa kushoto, na desturi hii haina gharama hata ya senti moja.

Ya tatu, nayo ndiyo kubwa katika Usagara, ni ya lori lenye tela. Watu wengi hawajui kwamba tela halizifuati nyayo za kichwa chake: kichwa kikiisha kupinda kushoto, magurudumu ya nyuma hukata ndani zaidi, yakaufagia ukingo wa njia ambako mwenye baiskeli amesimama akidhani amepishwa. Lori litokalo Shinyanga likipinda kushoto kuelekea Kigongo, au litokalo Kigongo likipinda kushoto kuelekea mjini, humeza kona nzima kwa namna hiyo. Na dereva aliye juu kitini, hata akiwa mwema na mwenye kutazama vioo vyake, hamwoni aliye chini karibu na ubavu wa kushoto. Kanuni yake ni nyepesi kukariri: kama huuoni uso wa dereva katika kioo chake, naye hakuoni wewe. Usisimame ubavuni mwa lori kwenye kona. Simama nyuma yake, au mbele kabisa mahali ambapo macho yake yakufikia. Kadhalika tazama magurudumu ya mbele kuliko taa za ishara, kwa kuwa taa yaweza kusahauliwa au kuungua, bali gurudumu halipindi bure.

Ya nne ni ya bodaboda na bajaji, ambazo hupenya popote penye upenyo, na aghalabu hupita upande usio wao. Mwendesha baiskeli aliyezoea kutazama kulia tu anapoingia barabara kuu, kwa sababu magari ya upande wake hutokea kulia, hugongwa na pikipiki iliyotokea kushoto kinyume cha sheria. Haki itakuwa yake, na mguu uliovunjika utakuwa wake pia. Kwa hiyo tazama kulia, tazama kushoto, kisha tazama kulia tena.

Ya tano ni ya ardhi yenyewe. Mwanza ni mji wa vilima, na wenye kushuka kutoka mitaa ya mlimani wakiwa na mzigo hujua kwamba breki za vyuma, zikilowa mvua, hushika kwa kuchelewa au hazishiki kabisa. Ukingo wa lami umeliwa mahali pengi, ukawa kama ngazi. Gurudumu likishuka hapo halipandi kwa kuviringishwa sambamba na ukingo, litamwangusha mpandaji juu ya barabara, mbele ya kinachomfuata. Mvua za masika huleta mchanga na kokoto kutoka milimani hadi juu ya lami, na maji hufunika mashimo na mifereji yakaonekana kuwa ni sakafu moja. Aliye juu ya baiskeli na auchukulie kila dimbwi asilolijua kuwa ni shimo, wala asipande katika ukingo kabisa. Na ashike nafasi ya kiasi cha dhiraa mbili kutoka ncha ya lami, iwe akiba ya kukimbilia pindi gari likimsogelea.

Ya sita ni ya mzigo na ya giza. Magunia ya mkaa yaliyofungwa kwenye keria hupanua baiskeli kuliko mwenyewe anavyohisi, humziba asiweze kutazama nyuma, na humnyima usawa wakati wa kusimama. Kabla ya jua kuchomoza, saa za kumi na kumi na moja za alfajiri, wakati ambapo maziwa na mkaa huelekea mjini, dereva aliyesafiri usiku kucha kutoka mbali yuko katika saa yake mbaya kabisa ya usingizi. Hao wawili hukutana pale pale Usagara. Kiakisi chekundu nyuma ya gunia, kitambaa cheupe kilichofungwa juu ya mzigo, na taa ndogo hata ya betri, vyaweza kumpa dereva yule nukta mbili tatu za kuamka. Na katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kila nukta ni mita 14 za uhai.

Nimeyaeleza hayo kwa urefu kwa kuwa ndiyo yaliyo mkononi mwa mwendesha baiskeli mwenyewe. Walakini insafu hainiruhusu nikomee hapa, maana makala nyingi za usalama hukomea hapa hapa, zikamwachia mnyonge mzigo wote, kana kwamba aliyegongwa ndiye peke yake aliyepaswa kuwa na macho. Kuna msemo mwingine unaotawala barabara zetu pasipo kuandikwa popote, usemao mwenye nguvu mpishe. Kama shauri la kujiokoa, msemo huo una busara, na mimi ningemshauri mwanangu aufuate; bali kama kanuni ya mji, ni dhuluma, kwa sababu humfanya mwenye chombo cha tani 30 aone kuwa kupishwa ni haki yake na kutazama ni wajibu wa wengine. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikusema hivyo. Iliweka kilomita 50 kwa saa kuwa kikomo ndani ya makazi, na ikamtaka kila dereva awaangalie wengine watumiao njia.

Tena si jambo la hisani tu, ni jambo la hesabu. Nguvu ya kishindo cha gari haikui sawasawa na mwendo. Huongezeka kwa mraba wake, hata gari liendalo kilomita 80 likawa na kishindo mara nne ya liendalo 40. Mwenye baiskeli akikosa hadhari hujihatarisha nafsi yake, na aghalabu hamdhuru mwingine. Mwenye lori akikosa hadhari huhatarisha wote walio mbele yake. Kwa hiyo dhamana sharti ifuate nguvu: awezaye kudhuru zaidi ndiye apaswaye kutahadhari zaidi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka ulimwenguni, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki, yaani wale wasio na bati la kuwakinga.

Huko Uholanzi, nchi ambayo leo husifiwa kwa baiskeli zake, mwaka 1971 barabara ziliua zaidi ya watu 3,000, na zaidi ya 400 katika hao walikuwa watoto. Wazazi walitoka majiani wakadai mauaji ya watoto yakome; na serikali, badala ya kuwaambia watoto wajihadhari tu, ilianza kuzigeuza barabara zenyewe, mwendo ukapunguzwa mitaani na njia za baiskeli zikatengwa. Sisi nasi tumeonja jambo hilo: mradi wa mabasi yaendayo haraka, ulioanza kazi Dar es Salaam mwaka 2016, ulijengwa na njia za baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro, ingawa bodaboda na wachuuzi hawakukawia kuziingia kwa kukosa msimamizi. Maana yake ni kwamba njia iliyojengwa yahitaji pia mlinzi.

Watu wa Mwanza hawahitaji kufundishwa thamani ya roho. Tarehe 21 Mei 1996 ilipozama meli ya MV Bukoba, mji wote ulilia, na makaburi ya marehemu yako Igoma hata leo, kando ya njia ipitwayo na magari na baiskeli kila asubuhi. Msiba ule uliulizwa maswali: meli ilibeba wangapi, ilikuwa na usawa gani, nani aliiruhusu ing'oe nanga. Hapana mtu aliyeridhika kuambiwa kuwa ajali haina kinga. Wafao barabarani mmoja mmoja hawajengewi mnara wala hawaundiwi tume, kwa kuwa msiba wao umegawanywa katika nyumba nyingi na siku nyingi. Na hiyo ndiyo sababu maswali yao hayaulizwi.

Basi na yaulizwe Usagara, ingali mapema. Wakala wa Barabara, TANROADS, ambao wamesimamia ujenzi wa daraja, wanao uwezo wa kuwapa wenye baiskeli bega la lami lisilokatika kupita makutano yote, lililotengwa na magari kwa ukingo na si kwa mstari wa rangi pekee, na kulipunguzia kasi gari kwa matuta na alama kabla ya kufika sokoni. Askari wa usalama barabarani, ambao leo humsimamisha dereva kwa kumkagua leseni na matairi, wapewe pia kazi ya kusimama kwenye kona saa za alfajiri. Wenye kampuni za malori wamfundishe dereva kwamba upande wake wa kushoto una watu. Na shule za Misungwi, Nyamagana na Ilemela, ambamo watoto hufika kwa baiskeli, zifundishe hizi ishara sita na nyingine nilizozisahau, uwanjani, kwa baiskeli halisi na lori halisi lililosimama, mtoto apande kitini mwa dereva ajionee mwenyewe nini hakionekani kutoka juu.

Daraja lilijengwa kwa miaka mitano na fedha nyingi ili gari lisingoje. Bega la barabara na somo la shule ni akali ya gharama hiyo, na hayo yakiisha kufanywa, yeyote atakayesimama msibani akasema kuwa ajali haina kinga atapaswa kwanza kutueleza ni kinga ipi iliyowekwa ikashindwa.